Fimbo ya Milioni Tatu, Samaki Sifuri: Tuongee Ukweli Kuhusu Vifaa vya Kuvulia

Leo habari za nani kaachana na nani tuziweke kiporo, tuongee hela.

Kama uko mtandaoni lazima ile picha umekutana nayo. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kasimama kwenye boti katikati ya mto. Kofia pana, miwani ya kioo cha bluu, kizibao cha mifuko isiyohesabika, na mkononi fimbo ya kuvulia ambayo mashabiki wameitafuta bei mpaka wakaipata. Karibu shilingi milioni tatu. Hiyo ni fimbo peke yake, hujaweka rili wala mshipi. Komenti zikamwagika. "Baba lao." "Hivi ni viwango vingine." "Sisi wengine tuendelee na perege." Ila komenti iliyojirudia kuliko zote ilikuwa fupi tu: "Bro, naipata wapi hiyo?"

Hilo swali ndilo limenifanya nikae chini niandike. Maana nimepita kwenye akaunti za waliouliza, sio matajiri. Ni watoto wa Tabata, Mbagala, Sinza, Mwanjelwa. Watu wanaobana bando ili lifike mwisho wa wiki.

Na kuna kitu kwenye ile picha wengi hawajakiona. Fimbo ya aina ile, rili inakaa chini, nyuma kabisa ya mkono, inaning'inia. Staa wetu kaigeuza, rili inatazama mawinguni. Yaani mtu aliyeshika fimbo kichwa chini miguu juu ndiye tunamuuliza tukanunue wapi.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kukasirika akasirike vizuri. Kwenye vifaa vya kuvulia, kama ilivyo kwenye raba na simu, kuna sehemu ya bei inayokamata samaki na kuna sehemu ya bei inayokamata laiki. Mjanja anazitenganisha kabla hela haijatoka mfukoni. Mwenye tamaa analipia zote mbili, halafu anaita dili kwa sababu kulikuwa na karatasi nyekundu iliyoandikwa punguzo.

HUU NI UVUVI GANI KWANZA?

Tusiende mbali bila kuelewana. Uvuvi wenyewe ni wa nzi bandia. Hakuna mnyoo, hakuna dagaa wa chambo. Unachukua ndoana, unaifunga manyoya na nyuzi mpaka inafanana na mdudu au kisamaki kidogo, samaki akipita anadanganyika. Watu wanafanya hivi tangu zamani sana. Mwandishi mmoja wa enzi za Warumi, Aelianus, miaka kama 1,800 iliyopita, alishaeleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu kwenye ndoana na manyoya mawili ya jogoo, wakavua nayo. Sufu na jogoo. Kumbuka hapo, tutaparudia.

Sasa tofauti na uvuvi wa kawaida iko hapa. Ukivua kwa ndoana ya kawaida, risasi au chambo ndicho chenye uzito, ukirusha kinavuta mshipi nyuma yake. Nzi bandia hana uzito wa maana, ukimrusha peke yake anakuangukia miguuni. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio unatengenezwa mnene na mzito, unaurusha kama unavyorusha mjeledi, na nzi anafuata nyuma kama abiria. Ndio maana fimbo zake zina namba. Namba 5 ni ya trauti, samaki wa maji baridi. Namba 9 ni ya samaki mkorofi mwenye meno kama msumeno ambaye wageni wanamwita tigerfish, sisi hapa tumwite taigafishi. Namba 12 ni ya kolekole wakubwa wa baharini. Fimbo ya namba 9 inataka mshipi wa namba 9. Ukichanganya, hata uwe na fimbo ya dhahabu, unapiga upepo tu.

Na kama unadhani haya ni mambo ya Ulaya hayatuhusu, kaa vizuri. Mito ya Mnyera na Ruhudji, kwenye bonde la Kilombero, hapa hapa Tanzania, inajulikana dunia nzima kwa taigafishi wakubwa. Watu wanatoka Afrika Kusini, Uingereza na Marekani wanalipa maelfu ya dola kwa wiki moja ya kuvua pale, halafu samaki wakimpata wanapiga naye picha na kumrudisha mtoni. Mwelezee mvuvi wa Feri habari hiyo, atakuuliza kama umekula. Kwa majirani zetu Kenya, trauti waliingizwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, na mpaka leo mito ya milima ile inavuliwa kwa nzi bandia. Kwa hiyo mchezo upo nyumbani. Tunachokosa ni macho ya kununulia vifaa vyake.

HELA IENDE WAPI

Mastaa wakiposti, wanaposti fimbo. Hakuna anayeposti mshipi, kwa sababu mshipi ukikaa kwenye picha ni uzi tu. Lakini umesoma hapo juu: mshipi ndio unaorushwa. Ukiwa na hela ya kutosha kitu kimoja kizuri tu, nunua mshipi mzuri. Mshipi mbovu unajikunja kama waya wa jiko la umeme, unakataa kuteleza kwenye vipete vya fimbo, hauelei vizuri. Fimbo ya kawaida yenye mshipi mzuri inavua. Fimbo ya milioni tatu yenye mshipi mbovu ni pambo la sebuleni.

Fimbo yenyewe je? Hapa lazima tuwe waungwana. Kampuni kubwa zina historia ya kweli. Orvis ya Marekani ipo tangu 1856. Hardy ya kule Alnwick, Uingereza, ilianza 1872. Sage ilianza 1980 na fimbo zake za bei ya juu zinavuka dola 1,000. Ni fimbo nyepesi, zinarudi haraka ukishazipinda, zimekamilishwa kwa ufundi. Mtu aliyevua miaka kumi anaisikia hiyo tofauti mkononi. Wewe unayeanza hutaisikia, kama ambavyo mtu anayejifunza gari hasikii tofauti ya tairi. Unachosikia ni maumivu ya deni.

Na kuna siri ambayo mwenye jicho la bei anaijua. Sage ana ndugu wa tumbo moja anaitwa Redington. Kampuni mama ni moja, Far Bank. Mmoja kavalishwa suti, mwingine kavalishwa jinzi. Redington ana seti za kuanzia, fimbo, rili na mshipi vikiwa pamoja, kwa chini ya dola 200. Mimi sisemi vitu ni vilevile, hapana. Nasema ukoo ni mmoja, na huyo wa jinzi anafanya kazi. Kabla hujainamia jina kubwa, uliza kwanza kama lina mdogo wake.

Rili ndiyo inayowaua watu wengi kwa bei. Kwa samaki mdogo kama trauti, rili kazi yake kubwa ni kutunza mshipi usitapakae chini. Ni kigurudumu cha kuzungushia uzi. Breki kali inahitajika ukienda kwa samaki anayekimbia na mshipi wako mita mia, kama kolekole. Sasa unakuta kijana anataka kujifunzia bwawani, kanunua rili yenye breki ya kuzuia nyangumi. Hiyo breki haitaamka hata siku moja.

Nguo? Hapa ndio nacheka. Kile kizibao cha mifuko mingi kilibuniwa na Mmarekani Lee Wulff miaka ya 1930 ili mvuvi apate pa kuweka vikorokoro vyake bila kurudi ufukweni. Leo dukani kwao kinauzwa bei ya kukutoa jasho. Wewe nenda Karume, panda kwenye mabunda ya mitumba asubuhi, utakikuta kinauzwa kama kizibao cha mpiga picha wa harusi. Vijana wa kamera wanavivaa kila Jumamosi bila kujua wamevaa kivazi cha mvuvi. Kofia hivyo hivyo, shati la mikono mirefu hivyo hivyo. Samaki haangalii lebo ya kola.

Ila naomba nisieleweke vibaya, maana kuna watu wakisikia chee akili inaruka. Wahenga wa mjini wanasema rahisi ghali, na kuna vitu viwili ukivinunua kwa urahisi vinakurudi. Cha kwanza ni ndoana. Taigafishi mdomo wake ni mfupa mtupu, akiuma ndoana laini anainyoosha kama pini ya nywele. Cha pili ni kipande cha waya kinachokaa kati ya nzi na uzi. Yale meno yanakata nailoni mara moja, umepoteza samaki na nzi kwa pamoja, na samaki kabaki na chuma mdomoni. Hivyo viwili havina gharama kubwa hata vikiwa vizuri, kwa hiyo ubahili wa hapo hauna hata faida.

Halafu kuna uvuvi wa Kijapani unaitwa tenkara. Fimbo ndefu, uzi unafungwa kwenye ncha, rili hakuna kabisa. Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya Patagonia, inayouza vifaa na nguo za nje kwa dunia nzima, mwaka 2014 alishiriki kuandika kitabu cha kuusifia uvuvi huo na kusema turudi kwenye urahisi. Yaani mwanzilishi wa duka anakwambia huhitaji nusu ya duka. Mastaa wetu ambao hawana hata kibanda wanakwambia unahitaji duka zima.

NZI ALIYESAFIRI KULIKO SISI

Sasa tufike pale ninapotaka hasa.

Fungua duka lolote la mtandaoni la Uingereza au Marekani linalouza nzi bandia. Nzi mdogo wa trauti Marekani anakwenda dola mbili mpaka tatu, mmoja. Wale wakubwa wa baharini wanapanda zaidi ya hapo. Picha nzuri, jina la kampuni kwa herufi za dhahabu, maelezo ya mto wa huko Scotland. Unasoma unahisi kaufunga babu mmoja mwenye kiko pembeni ya moto.

Ukweli ni kwamba kwa miongo mingi Kenya imekuwa moja ya nchi zinazofunga nzi bandia kwa wingi kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani. Kazi hiyo iliota mizizi tangu enzi za walowezi wa Kiingereza waliokuja na fimbo zao, ikabaki baada ya wao kuondoka. Leo ni warsha, ni vyumba vyenye meza ndefu, ni akina mama na vijana waliokaa mbele ya kibano kidogo kilichoshika ndoana, wanazungusha uzi, wanabandika unyoya, wanakata, wanafunga fundo. Dazeni baada ya dazeni. Na wengi malipo yao ni kwa hesabu ya walichofunga, hufungi hulipwi.

Tembea na huyo nzi safari yake. Katoka mkononi mwa dada mmoja Nairobi. Kapakiwa, kapanda ndege, kafika Uingereza. Kule kavalishwa kadi yenye jina la kizungu, bei ikaota mabawa. Mtalii kamnunua London, kamweka kwenye kiboksi, kapanda naye ndege mpaka Dar, kutoka Dar kaenda naye Kilombero. Staa wetu kaalikwa kwenye ile boti, kapewa nzi ashike, kaposti: "Original kutoka Uingereza." Nzi kavuka bahari mara mbili kurudi kwa jirani yake. Kasafiri kuliko wengi wetu, na pasipoti ya kughushi juu.

Hapo ndipo ninapopata uchungu. Tunalipia jina la mtu wa mbali wakati mkono uliofanya kazi ni wa jirani. Na huyo jirani, kwenye ile bei ya dola tatu, hajui hata sehemu kubwa ilikwenda wapi. Sisemi wenye maduka ni wezi. Wana kodi, wana usafirishaji, wana wafanyakazi, wana matangazo. Nasema wewe unayetafuta bei nzuri ukiwa Afrika Mashariki, una njia fupi ambayo Mzungu hana. Mto wako na meza ya fundi viko upande mmoja wa dunia.

Na ukitazama kilichomo ndani ya nzi ndio utachoka. Kuna mmoja maarufu sana anaitwa Clouser, kabuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania mwaka 1987. Anavua karibu kila samaki anayekula wenzake, taigafishi akiwemo. Ana nini? Ndoana, uzi, nywele za mkia wa paa, na macho mawili mazito ya chuma yanayomfanya azame kichwa mbele. Basi. Hapa kwetu mkia wa mbuzi mweupe unabaki machinjioni bure. Manyoya ya jogoo yanatupwa kila Krismasi na kila Idi. Rudi kwa yule Aelianus wa miaka 1,800 iliyopita: sufu na jogoo. Hakuna kiwanda hapo, kuna mkono wenye subira. Na mikono yenye subira tunayo, nenda kaangalie dada anayesuka rasta ndogo ndogo kwa saa sita Kinondoni, halafu uniambie hawezi kufunga unyoya kwenye ndoana.

PUNGUZO LINALOKULA KULIKO BEI

Turudi kwenye kutafuta bei, maana najua ndicho kilichowaleta wengine.

Wakati mzuri wa kununua fimbo ni pale kampuni inapotoa toleo jipya. Toleo la mwaka jana linashushwa bei wakati halijabadilika chochote, liko vilevile, kosa lake ni kuzaliwa mapema. Kuna na ile Ijumaa ya mwisho wa Novemba wanayoiita Black Friday. Hizo ni nafasi za kweli.

Lakini sisi wa huku tuna hesabu ya ziada. Chukua mfano. Fimbo ilikuwa dola 200, imeshushwa mpaka 120. Umefurahi, umeokoa 80. Kuileta mpaka Dar, tuseme dola 60. Umefika 180. VAT ni asilimia 18 na inapigwa kwenye jumla, usafirishaji ukiwemo, sio kwenye bei ya fimbo tu. Hiyo ni dola 32 na senti. Sasa uko dola 212, na ushuru wa forodha hapo sijaugusa. Punguzo lako limekula kuliko bei ya mwanzo. Ndio maana nasema usisherehekee bei iliyoko kwenye skrini, sherehekea bei iliyoko mlangoni kwako.

Wajanja wanafanyaje? Wanaungana watu wanne watano, oda moja, gharama ya kusafirisha inagawanywa. Au wanamsubiri ndugu anayerudi, kwa sababu fimbo nyingi za futi 9 siku hizi zinagawanyika vipande vinne na kuingia kwenye bomba fupi lisilofika mita moja. Kama kuna cha kulipia forodha, kinalipiwa, maisha yanaendelea. Au wananunua iliyotumika kwa mgeni anayemaliza safari yake na hataki mizigo ya kurudi nayo. Hapo kagua maungio ya vipande, pitisha kidole kwenye vipete vyote kama kuna mkwaruzo, pinda taratibu usikie kama inalia. Na ujue waranti mara nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza. Hizi waranti ndefu, mfano Orvis wanatoa ya miaka 25 kwenye fimbo zao, ziko ndani ya bei. Ukiwa Dar, kutuma kipande kilichovunjika mpaka Marekani na kukirudisha ni gharama nyingine. Jiulize kama unalipia kitu utakachokitumia.

Na tafadhali, ukiona tangazo mtandaoni duka kubwa la nje "linafungwa," kila kitu punguzo la asilimia 90, malipo kwa kadi tu, haraka zimebaki saa mbili, kimbia. Hakuna fimbo pale. Kuna mtu anasubiri namba za kadi yako.

KAUSHA DAMU KWA AJILI YA PICHA

Nimeacha hili mpaka sasa kwa sababu linauma. Kuna chipukizi mmoja, jina namhifadhia, mkali kwenye mistari, ngoma zake mbili unazijua. Baada ya ile picha ya staa, naye akataka video ya mtoni. Angekodi vifaa kwa siku moja, angeazima, angeomba kwa waongoza watalii. Hapana. Kilichozungumzwa na watu wake wa karibu ni kwamba alichukua mkopo, ile mikopo ya kausha damu, akaagiza seti nzima ya jina kubwa. Video ilitoka. Watu wakasema kali. Wiki chache baadaye ile seti imepostiwa inauzwa, bei nusu, "haijaguswa maji." Na kweli haikuguswa maji. Riba yenyewe ndiyo iliyogusa damu.

Mtu ataniambia, "Hela yake, maisha yake, wewe nani?" Sawa. Mtu mzima akiamua kununua fimbo ya milioni tatu kwa hela yake, anaipenda, anavua nayo, mimi nampigia makofi. Kuna raha ya kushika kitu kizuri na sitaki kujifanya mtakatifu. Wivu pia sio kazi yangu. Ila staa anapopewa fimbo bure, anaishika kinyume, anasema "mkitaka kuwa kama mimi nunueni hii," halafu mtoto wa watu anakwenda kwenye kausha damu, hapo sio maisha yake peke yake tena. Hapo kuna mtu mwingine analipa bili ya picha yake.

Na ninyi mastaa mnaosoma hapa kimya kimya, maana najua mnasoma, nawapa changamoto ndogo. Siku mkienda tena mtoni, posti nzi badala ya fimbo. Mweke kwenye kiganja, karibu, watu waone nyuzi zake. Andika aliyemfunga yuko wapi. Mtu mmoja mwenye wafuasi milioni akifanya hivyo mara moja, vijana wangapi wataanza kuuliza, "Hiki kibano kinapatikana wapi, na nani anafundisha?" Hilo swali ni zuri kuliko "Bro, naipata wapi hiyo fimbo." Wakenya wameshatuonyesha kwamba ni ajira. Kilombero wageni wanakuja kila msimu wakiwa na viboksi vyao vilivyojaa kutoka mbali, na Ifakara iko pale pale jirani, ina jogoo, ina mbuzi, ina vijana waliokaa vijiweni.

Kwako wewe unayetaka kuanza, nakuacha na hesabu yangu. Jua kwanza unavua samaki gani na maji gani, namba ya fimbo itajileta yenyewe. Hela kubwa weka kwenye mshipi. Fimbo chukua ya mdogo wake jina kubwa, toleo lililopita, au iliyotumika uliyoikagua mwenyewe. Rili kwa samaki wadogo usihangaike nayo. Nguo ni Karume. Ndoana na waya usifanye ubahili. Na nzi tafuta kwa aliyemfunga, sio kwa aliyembandika jina. Ukifanya hivyo, kila shilingi yako imeingia majini kufanya kazi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani kashawahi kuvua kwa nzi bandia hapa Bongo au Kenya, na ulinunua wapi, kwa bei gani mpaka mlangoni? Kama kuna anayefunga nzi mwenyewe, weka picha kwenye komenti tumuone. Na wale wa "wivu tu huo," karibuni pia, ila mje na fimbo mmeishika sawasawa.